Joto Linalochagua Kamba

Ripoti ya Shamsa ilikuwa imekwisha kabla hajavua viatu. Joto la bahari linaua mwani wa kijiji cha Utende: ndivyo alivyoambiwa na Haruni, mtafiti aliyefunga kipima joto shambani, na ndivyo Ukasha, mhariri wake redioni, alivyotaka isikike jioni ile. Ilikosekana sauti ya mkulima tu. Maji yalikuwa yamekupwa. Akakunja suruali, akaingia, kinasa sauti kikining'inia shingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usinikanyagie kamba," alisema Bimkubwa, kiongozi wa wanawake wenye shamba lile. "Wenzangu wanakungojea wewe. Ukitangaza kwamba ni joto, kesho tunang'oa vigingi, mwani tunaacha. Nani atapigana na jua?"

Shamsa alikuwa akitazama kamba zilizofungiwa mwani kati ya vigingi. Zile zilizozunguka kigingi chenye kipima joto zilikuwa zimevaa utelezi, mwani wake umekatika. Za jirani zilikuwa na weupe huku na huku, lakini hai. Akatia mkono huku, akautia na kule. Maji yaleyale.

"Bibi, hili joto linachagua kamba?"

Bimkubwa akajifanya anafunga mche.

"Mbona hizi hazijasafishwa?"

"Huko hatuendi."

"Kwa nini?"

"We mtoto umezaliwa hapo Kiegeani au Ulaya? Hukioni kile?" Akaonyesha kwa kidevu kitambaa chekundu kilichofungwa juu ya kigingi. "Mtu akifunga chekundu shambani, kaweka kago, uganga wa kulinda mali yake. Ukigusa, unavimba tumbo. Kijana wenu kaja na kago lake, sisi tukamwachia."

"Mlimuuliza?"

"Mtu anaulizwa kago lake!"

Shamsa akamwita Haruni, aliyekuwa amekaa mchangani na kompyuta yake. Akaja akirusha maji.

"Kile kitambaa cha nini?"

"Boti zisigonge kipima joto. Ni jezi yangu ya Simba, ilichanika."

Bimkubwa akamtazama, akakitazama kitambaa, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Simba! Muda wote huu naikimbia jezi ya Simba! Mimi Yanga damu, nilijua tu kile kitu kina mkosi."

Haruni hakucheka. "Kwa hiyo zile kamba nilizosema zimekufa kwa joto…"

"Hakuna aliyezisafisha," alisema Shamsa.

"Lakini joto limepanda. Nimelipima."

"Sikatai. Nauliza kama ndilo lililoua."

Haruni akainama juu ya kamba. "Sijui," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Shamsa akampigia Ukasha palepale, miguu ikiwa majini.

"'Sijui' si habari," alisema Ukasha. "Msikilizaji anataka jibu."

"Tukimpa jibu bovu, kesho anang'oa shamba lake."

"Basi leta zuri."

"Leo halipo. Kuna swali, na hili swali lina watu ndani yake, lina bahari, lina mpaka jezi ya Simba."

Ukasha akaguna. "Jezi ya nani? Haya, dakika tano. Wakizima redio, ni juu yako."

Bimkubwa alikwisha kuchana upindo wa leso yake kuukuu ya manjano. "Vua hilo dudu, funga hii," alimwambia Haruni. "Rangi ya ushindi."

Hata kitambaa kilipobadilishwa, Bimkubwa alisimama kidogo kwenye ukingo wa zile kamba. "Bismillahi," akasema, akaingia. Akashika kamba, akaikamua utelezi kwa kiganja. Chini yake kulikuwa na kipande cha mwani kirefu kama kidole, nusu cheupe, nusu kijani.

Wote watatu wakainama. Shamsa akawasha kinasa sauti.

"Bibi, waambie wenzako unaona nini."

"Waambie wasing'oe," alisema Bimkubwa, macho hayabanduki kwenye kile kipande. "Naona… hebu subiri. Nisafishe na mche huu mwingine."