Tangi Limejaa

Siku aliyorudi kutoka kwenye upimaji wa afya wa madereva, mume wangu alianza kucheka tangu mlangoni. Akatupa funguo za lori mezani, akajipigapiga tumbo.

"Mama watoto, daktari kasema ini langu limejaa mafuta. Sasa dereva gani anasafiri na tangi tupu?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kule yadi wenzake wakamwita Fulu Tangi, na jina likamganda.

Kumbe daktari alimwambia na mengine: apunguze soda na vya kukaanga, atembee, arudi kupimwa tena. Hayo alinieleza juu juu tu, huku anavua viatu. Atembee wapi, jamani? Maisha yake yalikuwa kiti na usukani. Alikula akiendesha, chipsi mapajani, soda pembeni ili usingizi usimchukue. Halafu ini, alisema, ni ugonjwa wa walevi. Yeye pombe hajui hata ladha yake. Nami nilitamba nalo hilo kwa mashoga zangu wote: nimeolewa na dereva asiyekunywa, nani kama mimi?

Miaka ikapita, macho yake yakageuka manjano. Miguu ikavimba, tumbo likajaa maji, mikono ikabaki mifupa. Wodini muuguzi alimuuliza, kwa upole kabisa, alianza kunywa lini.

Mume wangu akanigeukia. "Mwambie," akasema. "Mwambie sijawahi kuonja."

Nikamwambia. Yule dada akaitikia kwa kichwa, vile tunavyowaitikia watoto wakidanganya. Nilimchukia, na mpaka leo nikikutana naye sokoni simsalimii. Mume wangu alikufa wiki ileile, akiwa bado anauliza amekosea wapi.

Baada ya mazishi, rafiki yake wa yadi alikuja kunipa pole. Ilibidi asogeze kiti nyuma ndipo tumbo lipate nafasi mezani. Nilimsihi akapime ini. Nilimweleza yote, nikalia mbele yake bila haya.

Alinisikiliza kwa heshima, kichwa ameinamisha. Kisha akasema taratibu, "Shemeji, mimi usinihofie. Mimi sinywi."

Akainuka, akaomba soda moja ya njiani. Nikamnyima. Akatabasamu, akasema msiba umenifanya mchoyo, akaenda kuinunua duka la ng'ambo ya barabara. Nilibaki mlangoni mpaka lori likaondoka.