Barua Zilizokaa kwa Shitanda

Mideva alikuwa na kibanda cha kupiga chapa na kutoa kopi mjini Kakamega. Mzee Shitanda alipoingia na sanduku la bati, Mideva alimjua mara moja, ingawa alimwona mara ya mwisho akiwa mtoto wa miaka minane kule Navakholo. Mzee hakumtambua.

Shitanda alikusanya stempu na kuziuza kwa wateja wa ng'ambo. Alizipanga mezani kwa fahari: za Wanazi wa Ujerumani, za Makaburu wa Afrika Kusini, na fungu kubwa kuliko yote, za Uganda ya Idi Amin.

"Wazungu wanapendanga serikali za kinyama," alisema. "Mtawala akiua watu wengi, stempu zake zinapanda bei. Jumamosi saa nne kuna mnunuzi anakuja kwangu kutoka Nairobi. Nipigie picha hizi bahasha zote, uandike orodha. Barua usitoe. Bahasha ikiwa na barua yake ndani ndiyo wanataka."

Akaacha sanduku, akaenda zake.

Bahasha ya kumi na saba ilikuwa imeandikiwa Rosebella, kwa duka la Shitanda, Navakholo. Rosebella alikuwa mamake Mideva, na mwandiko ulikuwa wa babake, Joash.

Miaka ya Amin duka la Shitanda ndilo lililokuwa na sanduku la posta, na barua za majirani wote zilipitia mikononi mwake. Joash alifanya kazi kiwandani Jinja, Uganda. Mwaka wa 1976 barua zake zilikoma. Rosebella alienda dukani kila Jumamosi, na kila Jumamosi Shitanda alimwambia hakuna kitu. Watu wakasema Joash amepata mwanamke Uganda. Shemeji za Rosebella wakamfukuza shambani, akaenda kulima vibarua Mukumu, na akafa akimlaani mumewe.

Bahasha ilikuwa imepasuliwa zamani kwa wembe. Mideva akaitoa barua.

"Mama Mideva, wanajeshi wanakamata Wakenya. Wamechukua kitambulisho changu. Nimejificha kwa rafiki. Mtume kaka yangu mpakani Busia, Ijumaa tarehe 13 Agosti, aje na cheti changu cha kuzaliwa. Asipokuja, sijui nitapitia wapi."

Mideva hakulia. Alifikiria kuchoma sanduku lote, akaona hilo litamuuma Shitanda siku moja tu. Alitaka kitu cha kumkaa mwilini.

Barua za watu wa Navakholo zilikuwa thelathini na moja. Kwa siku mbili Mideva alizunguka kwa boda, akiziweka mikononi mwa wajane, watoto na wajukuu. Hakuzisoma. Kila mahali alisema maneno yale yale: "Hii ilikuwa kwa Shitanda miaka yote. Jumamosi saa nne anataka kuiuza. Tukutane kwake mjini."

Jumamosi Shitanda alikuwa amekaa barazani na mnunuzi wake, kijana aliyeitwa Kipngetich. Mideva alifika na sanduku. Nyuma yake watu wakajaa uani, kila mmoja na bahasha.

"Hawa ni akina nani?" Shitanda akauliza.

"Ni wenye barua," Mideva alisema. Akampa ile ya Joash. "Isome kwa sauti. Mimi ni mtoto wa Rosebella."

"Macho yangu hayaoni vizuri."

"Stempu yaliziona."

Shitanda akaisoma. Alipomaliza, Kipngetich alifunga mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

"Nilikuwa kijana," Shitanda alisema. "Nilipenda stempu tu. Nisamehe, mama."

"Sikuja kusamehe. Kaa, wenzangu pia wanasoma."

Mmoja mmoja walimsomea. Alipoomba maji, Mideva alimwambia angoje. Alimtazama jasho likimtoka, na moyo wake ukashiba.

Ndipo bibi Navalayo, aliyekaribia miaka themanini na hakujua kusoma, akampa Mideva barua yake. "Nisomee, mwanangu. Mume wangu aliuawa huko Uganda."

Mideva alianza kwa sauti kubwa, na maneno yakawa yameshatoka kabla hajaelewa anachosoma. "Nimeoa Tororo. Sitarudi. Wewe rudi kwa wazazi wako."

Navalayo alikuwa amemwombea mtu huyo kanisani karibu miaka hamsini. Alimgeukia Shitanda.

"Hii yangu ungeiuza tu," alisema. Kisha akamtazama Mideva. "Na wewe umenileta mbele ya watu nisikie hivi."

Kanisa lilimvua Shitanda uzee wa kanisa mwezi huo huo. Watoto wake waliacha kumtembelea, na sokoni watu walimpisha kama mwenye ugonjwa. Mideva alisikia hayo yote na hakujuta hata kidogo.

Lakini kwa Navalayo alienda mara mbili akafungiwa mlango. Mara ya tatu bibi alifungua kidogo.

"Ile barua iliandikwa lini?"

"Machi, mwaka wa sabini na tano."

Navalayo alifikiri. "Basi mtoto wetu Sammy alikuwa na wiki mbili tu," alisema, akafunga mlango.