Kitakachokuwa Juu

Mama Chupa aliisuuza chupa ile ile kwa mara ya tatu, akaiinua kwenye mwanga wa taa. Matone yalikuwa bado yameng'ang'ania ubavuni. Chupa ya maabara ikitakata haibaki na tone. Maji huteremka yote pamoja, kama shuka linalovutwa kitandani. Akarudisha brashi ndani.

"Utaitoboa hiyo, mama," fundi wa maabara alimtania, macho kwenye simu. "Orodha ya vyuo bora bado haijatoka."

"Nani kakuuliza?"

"Shingo yako. Tangu asubuhi imekuwa ya twiga."

Chuo kizima kilikuwa roho juu. Wahadhiri walijazana uwanjani, wakisubiri kujua wameshika nafasi gani nchini na duniani. Mama Chupa hakuwa na haja na dunia. Alitaka jambo moja tu: chuo hiki, anakooshea vyombo, kiwe juu ya kile cha upande wa pili wa nchi. Binti yake, kitindamimba, alikuwa amekubaliwa na vyote viwili. Walizozana mpaka chakula kikapoa, na mama ndiye aliyetoa shauri: kitakachokuwa juu, huko ndiko aende, na asiwepo wa kununa. Kaka zake walishaondoka mmoja mmoja. Huyu naye akiondoka, mama atabaki kusemezana na masufuria.

Mlango ukasukumwa. Binti aliingia akihema.

"Nimeshindwa kukaa nyumbani."

"Shika kitambaa, ukaushe hizo."

Hakuwahi kukausha hata moja. Fundi aliruka kutoka kwenye kiti chake.

"Wa kwanza! Wa kwanza nchini! Na duniani tumepanda! Wale wenzetu wa upande wa pili wamekuwa wa tatu!"

Mama Chupa alipiga kigelegele, kikakatika katikati. Alikuwa amemtazama mwanawe.

"Hongera, mama," binti alisema. Midomo ilitabasamu, macho hayakutabasamu. "Basi nabaki. Tulikubaliana."

Fundi alishatoka mbio kwenda kushangilia. Mama akafunga bomba.

"Kule kuna nini?"

"Sijui."

"Hujui, na bado unataka kwenda hivyo?"

"Ndiyo maana, mama."

Mama Chupa alijifuta mikono kwenye aproni, kiganja, mgongo wa mkono, kisha kila kidole, kama mtu anayetafuta pa kuiweka.

"Lile shauri nilitoa mimi," alisema hatimaye. "Nalirudisha. Nenda."

"Halafu ubaki unalia."

"Nitalia. Kwani machozi yangu yanakulipia nauli?"

Binti alitaka kucheka, hakuweza. Alilisogelea dirisha lililofunikwa na mvuke wa sinki, akapangusa duara kwa kiganja. Uwanjani watu wazima walikuwa wakirukaruka wakikumbatiana. Akachungulia juu ya vichwa vyao, ng'ambo ya geti, ambako barabara ilikata kona na kupotea. Mvuke ukaanza kurudi taratibu kwenye kioo. Akapangusa tena.