Mnyororo Nilioukagua Mimi

Katika watu wote waliozaliwa Motukena, walio hai na waliolala nyuma ya kanisa, hakuna aliyewahi kupiga mbizi kama mimi. Sijisifu, naeleza tu. Samaki wakiniona chini wananipisha njia. Binamu yangu Teokotai atakwambia mengine, lakini Teokotai ana pumzi ya kuku, na juu ya hapo ana wivu.

Kwetu yoti, ile mashua ya tanga ya wasafiri, haiwezi kuingia ndani. Mwamba umezunguka kisiwa chote, na mlango wake ni mmoja, unatosha boti ndogo yenye mwendeshaji mwenye akili. Wageni hubaki nje, upande wa magharibi, wamefungwa kwenye boya, na upepo wa mashariki unawasukuma mbali na mwamba. Kila ukoo una boya lake, na kila boya lina mnyororo uliozungushiwa jiwe huko chini. Boti itakayotangulia kugusa ubavu wa yoti ndiyo yenye wageni: unawalisha, unawafulia, unawaleta pwani na kuwarudisha mpaka siku watakapotweka tanga. Sharti ni moja. Kabla hujamfunga mgeni, unazama, unaukagua mnyororo kwa mkono wako.

Msimu huu Teokotai alikuwa ameshawachukua wageni mara mbili. Sisi hatukuwa na mgeni hata wa dawa, na friji letu lilikuwa limekufa. Pono tuliowagandisha kungojea meli walikuwa wameanza kulegea na kunuka. Kwa hiyo tanga lilipoonekana asubuhi ile nilikimbia bila shati.

Nilimshinda Teokotai kwa urefu wa mkono.

"Umekatiza juu ya mwamba, mwendawazimu wewe!" alinipigia kelele. "Utakuja kuua watu!"

"Nenda kalale, binamu. Wageni wamefika kwa wenyewe."

Walikuwa wawili, Wanorwei: mzee Sigurd, fundi umeme mstaafu mwenye ndevu nyeupe, na mkewe Ragnhild. Yoti yao iliitwa Terna. Sikuwa hata nimefunga kamba Ragnhild akaanza kunieleza kwamba waliuza nyumba, wakauza gari, wakauza mpaka kitanda.

"Kila tulicho nacho kimo humu, Tutai. Hata picha za mama yangu. Hii ikizama, hatuna pa kurudi."

"Basi mmefika pazuri, Mama. Boya letu linaweza kushikilia kisiwa."

Nikavaa miwani ya maji nikaruka. Na nilizama. Usinitazame hivyo, nilizama: kichwa, mabega, mpaka kiunoni. Lakini maji ya chini siku hiyo yalikuwa meusi, na kitu kikapita, kirefu, polepole. Huenda alikuwa papa, huenda ni wingu limefunika jua. Sikukaa kumwuliza jina. Nikazunguka ubavu wa pili wa yoti, ambako mzee Sigurd asingeniona, nikajishikiza hapo kwa muda ambao mtu mwenye pumzi yangu angekaa chini. Kisha nikapita chini ya pua ya yoti nikaibukia kwake, natweta kama nyangumi.

"Vipi huko?" akauliza.

"Kama mpya, mzee. Mnyororo unang'aa."

Mnyororo gani huo unaong'aa baharini? Lakini yeye ni mtu wa umeme, akaniamini.

Pwani nilipokelewa kama mfalme. Mama Upokoina, dada mkubwa wa baba yangu na mwenye kauli katika ukoo wetu, alimkumbatia Ragnhild mpaka kofia ikamdondoka, akamchukua kwenda kufua naye. Mimi nikampeleka mzee Sigurd uani, kwenye friji. Akainama, akanusa, akacheka.

"Waya ndiyo imeoza. Samaki bado wana matumaini."

Tulikula palepale: pono wa kukaanga, shelisheli la kuchoma, na joya, kiini laini cha nazi iliyoota, ambalo mzee aliliita keki. Nilikuwa katikati ya tonge niliposikia minazi. Kwa kawaida makuti yetu huvuma kuelekea baharini. Sasa yalinyamaza. Yakatulia kabisa, kisha yakaanza kuvuma kuja kwetu.

Nikarudisha tonge sahanini.

Teokotai akaingia uani bila hodi, miguu imejaa mchanga. "Tutai, upepo unageuka, unaanza kutoka magharibi. Watoe watu wako."

"Ndiyo kwanza unaanza kugeuka. Wewe huwezi kuona mtu ana wageni ukatulia?"

"Ukiwa magharibi, yoti inaning'inia juu ya mwamba kwa mnyororo peke yake. Wageni wako ni wazee. Watoe sasa hivi."

Mzee Sigurd akaweka koleo chini, akanitazama mimi, si Teokotai. "Wewe ndiye uliyeuona mnyororo. Unasemaje? Niende, au nimalizie hapa? Zimebaki nyaya chache."

Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu: nenda. Lakini angeniuliza kwa nini, ikiwa mnyororo ni kama mpya. Teokotai angenitazama kwa yale macho yake. Na Mama Upokoina angesikia.

"Malizia, mzee," nikasema. "Huyu binamu yangu anaogopa hata feni."

Teokotai alitema mate pembeni, akaondoka. Mzee Sigurd akarudi kwenye nyaya zake, anapiga mluzi. Mimi nikamshikia tochi. Kila makuti yalipopiga kelele niligeuka kutazama baharini, naye akasema, "Tulia, Tutai, unamulika ukuta." Nilijiambia mnyororo umekaa miaka yote hiyo, utakaa na leo. Nikajiambia tena. Mara ya tatu sikuimaliza, kwa sababu friji lilinguruma likawaka, mzee akanyanyua mikono juu kama aliyefunga goli, na watoto wakaanza kupiga mayowe pwani.

Tulipofika, Terna ilikuwa inakuja. Haikuwa na haraka. Ilikuja kinyumenyume na boya letu jekundu likiwa limefungwa puani bado, kama mbwa aliyekata kamba akaondoka nayo. Mzee Sigurd alirukia boti yangu, nikawasha injini, lakini mlangoni mawimbi yalikuwa yanasimama wima, yakaturudisha mara ya kwanza, mara ya pili yakatujaza maji. Kutoka pale tuliusikia mlio wa Terna ikigonga mwamba. Siwezi kuufananisha na kitu. Mlingoti ulilala upande mmoja na haukuinuka tena.

Tuliporudi, Ragnhild alikuwa ameketi mchangani, sabuni ya kufulia ingali mikononi. Hakulia. Aliuliza tu, "Picha?"

Teokotai na wenzake walipita juu ya mwamba kwa miguu, wimbi likiwapiga magotini, wakatoa walichoweza: blanketi, sufuria, redio iliyokuwa inachuruzika maji. Mwisho Teokotai akaja akiburuta kipande cha mnyororo kilichokuwa kinaning'inia chini ya boya. Mwishoni mwake kulikuwa na pingu ya chuma, ile ya kuungia mnyororo, imefunguka. Pini yake ilikuwa imeliwa mpaka ikawa nyembamba kama mwiba wa samaki, na kila mahali pengine pameota chaza wadogo, hakuna hata mmoja aliyebanduliwa na mkono wa mtu.

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alimpa Mama Upokoina ile pingu, akasimama pembeni.

Mama Upokoina aliigeuza, akaigeuza tena. "Tutai. Hii uliishika leo asubuhi?"

"Niliishika, Mama. Ilikuwa nzima."

"Hii? Mwanangu, chuma hiki hakikuliwa leo."

"Mwacheni kijana." Alikuwa mzee Sigurd, amelowa mpaka ndevuni, anatetemeka. Akaniwekea mkono begani. "Alizama. Nilisimama pale pale juu. Alikaa chini muda mrefu mpaka nikaogopa hatatoka. Bahari imefanya yake, hii si hatia ya mtu."

Watu wakaanza kuguna wakikubali. Hata Mama Upokoina aliishusha ile pingu. Ningenyamaza, yangeisha. Lakini nikainua mkono wangu wa kulia juu ili wote wauone.

"Niliishika kwa mkono huu."

Ragnhild akainua uso. "Leo asubuhi? Ulipovaa ile miwani?"

"Ndiyo, Mama."

"Hapana," akasema taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka. "Leo asubuhi ulikuwa dirishani kwangu. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai. Kile kioo kwa nje ni cheusi, mtu haoni ndani. Umejishika kwenye kamba, unajitazama, unapanga nywele. Ukatoa meno, ukatoa ulimi. Nilidhani unanichekesha." Akatabasamu kidogo. "Nilicheka, Sigurd. Nilitaka nikuite uje umwone. Alikaa pale wakati wote, mpaka..."

Nilimwona anavyoelewa, polepole, kama ile yoti ilivyokuja.

Mkono wa mzee Sigurd ukatoka begani kwangu. Wangu ulikuwa bado uko juu.