Upepo wa Mzazi

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Naomba jambo hilo mlisahau kabla sijaendelea.

Nilijifungua Agapiti mwezi wa tano, wakati wa kuvuna ufuta. Mama mkwe wangu, Mama Teodosia, aliacha ufuta wake kule Nambilanje akaja Ruponda kunitunza. Siku ya pili akachemsha maji, akachovya kitambaa, akaniambia nilale anikande. Nikamjibu, kwa adabu yote niliyofundishwa chuoni, kwamba mambo ya kukandwa yamepitwa na wakati. Uji wake wa pilipili manga nao niliukataa, nikasema unaniwasha koo. Hakununa. Aliyamwaga maji, akaenda kufua nepi, na ukimya wake uliniudhi kuliko kama angenisema.

Wiki ya saba uso wangu ulikuwa umeota madoa meusi mashavuni, na nywele zilitoka kwa mafungu kila nikishika kitana. Kwenda uani, hatua ishirini tu, nilikuwa napumzika mara mbili njiani. Lakini nilicholalamikia mbele za watu ni madoa. Mwanamke akilia na uso wake anahurumiwa. Akisema hana nguvu anaulizwa amelima ekari ngapi.

Hapa nitasema kweli: nilikuwa naogopa kumwangusha mtoto. Mara mbili nilisimama naye, kizunguzungu kikanishika, ikabidi nikae chini upesi. Tangu hapo nikawa namnyonyesha na kumbembeleza mkekani tu, nikidai kwamba sakafuni kuna ubaridi mzuri.

Ndipo Prisila, mwalimu mwenzangu, akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la Ayurveda, ile tiba ya asili ya Wahindi. Mfundishaji alikuwa dada mmoja wa Dar es Salaam mwenye sauti laini, ya kukufanya usinzie ukiwa umekubali kila kitu. Alisema mwanamke akishajifungua mwili wake unajaa upepo, nao upepo huo unaitwa vata. Ndio unaomchosha na kumkausha ngozi. Nikaandika vata kwenye daftari la maandalio ya masomo, nikapigia mstari.

Na tiba yake? Mzazi akae penye joto, ale vyakula laini vya moto vyenye viungo, asifanye kazi siku arobaini, na kila siku akandwe kwa mafuta ya ufuta ya vuguvugu na mtu anayempenda. Nikaguna kwa mshangao. Hekima ya maelfu ya miaka, na sisi huku tumelala! Wakati huo Mama Teodosia alikuwa mlangoni anapepeta ufuta wetu, na wala sikukumbuka kwamba yupo.

Dada alisema pia mzazi aepuke vitu vinavyofunga choo. Vidonge vya kuongeza damu, nilivyopewa kliniki, vilikuwa vinanifunga choo. Dada hakuvitaja kabisa. Hilo niliongeza mwenyewe, kwa kuwa nimesoma. Nikavisukuma nyuma ya kabati.

Jumapili Agapiti alikuwa abatizwe, na mimi ndiye wa kumbeba mpaka mbele ya padri. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikaamua kuushughulikia uso: manjano na mafuta ya ufuta, upake, usubiri dakika ishirini. Mafuta yalikuwepo tele. Manjano nikayakuta stoo, kwenye kopo la maziwa ya unga, njano ya kupendeza. Nikashukuru Mungu.

Sasa, mtu yeyote wa huku kwetu, hata mtoto wa chekechea, anajua unga wa njano uliowekwa stoo mwezi wa saba ni kitu gani. Mwezi wa saba watu wanapuliza mikorosho dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu. Mimi nimezaliwa Nachingwea, nimekua chini ya mikorosho, ada yangu ya shule imelipwa na korosho. Nikakoroga, nikapaka mpaka kwenye kope.

Dakika ya tano nilipiga yowe. Mama Teodosia alikuja mbio, akanusa, akanitazama, akalazimika kushika fremu ya mlango.

"Mama Agapiti! Umejipuliza salfa?"

"Nilidhani manjano, Mama. Macho yangu!"

"Basi mwaka huu ubwiri unga haukupati," alisema, na akacheka mpaka machozi yakamtoka kuliko mimi mwenye salfa.

Alinikalisha kwenye kigoda, akanisugua kwa sabuni ya kipande, akanimwagia maji machoni. Bado alikuwa anacheka alipoivuta kope yangu ya chini ili aisafishe. Kisha akanyamaza. Akavuta na ya pili.

"Mbona ndani kweupe? Salfa imekuwasha, kungekuwa kwekundu. Damu huna wewe."

"Ni upepo, Mama," nikasema. Naapa nilisema hivyo. "Unaitwa vata."

"Upepo gani? Tangu mwezi uliopita sijakuona umesimama na mtoto."

Nilitaka kumweleza habari za ubaridi wa sakafu. Badala yake nikalia, kilio kibaya cha kamasi na povu la sabuni. "Naogopa kumwangusha," nikamwambia.

Alikamua kitambaa, akakikamua tena ingawa hakikuwa na maji.

"Mimi nilimwangusha," alisema.

"Nani?"

"Rogath, mumeo huyo. Ana miezi miwili, natoka naye kisimani. Kiza kikaja machoni. Kuamka namwona pale chini, halii. Nikakaa namtazama, halii."

Nikamshika mkono wenye kitambaa.

"Baadaye akalia. Watu wakaja, nikawaambia nimejikwaa. Mpaka leo hata mwenyewe anajua nilijikwaa. Kesho yake nikaenda kuchota maji tena." Akanifuta masikio. "Ndiyo maana nimeacha ufuta wangu. Siyo uji ulionileta."

Mume wangu alirudi kutoka shambani kabla ya adhuhuri kuchukua salfa yake. Alikuta kopo limepungua na mkewe ana uso wa njano. Alianza kucheka, nami nikamwacha amalize. Halafu nikamwambia kwamba sina nguvu, kwamba vidonge nimevificha, kwamba naogopa kumwangusha mwanetu, na kwamba anipeleke zahanati sasa hivi, siyo baada ya ubatizo.

Kicheko kilimkatika. "Wiki saba zote hizi," alisema, "mbona hukusema?"

"Kwani angesema kwa nani?" akauliza mama yake. Akamfunga Agapiti mgongoni kwake, akatangulia kwenye pikipiki.