Mzizi kwenye Kiganja cha Bibi Sela

Jumanne asubuhi Shangazi Heilala alitwanga majani ya mti wa dawa uitwao nonu, akayafunga kwenye kitambaa na kuyakamua juu ya ngumi ya Vika. Maji ya dawa hayakuigusa ngumi. Yalipanda mkono hadi kwenye kiwiko, yakadondokea mkekani.

Ngumi hiyo ilikuwa imejifunga na kugoma kufunguka wiki tatu nyuma, siku ile ile Shangazi alipotangaza kanisani kwamba marehemu mama yake, Bibi Sela, alimwachia yeye dawa zote za ukoo. Vika alikuwa na mashaka yake. Aliona pia kwamba Shangazi hutwanga akiwa amempa mgongo.

"Ugonjwa huo ni mzizi," Shangazi alisema. "Umeingia kwenye mfupa wa mtu wetu kaburini."

"Mtu gani, Shangazi?"

"Unauliza kama polisi."

Walifukua kaburi la Bibi, wao na baba yake Vika, kabla jua halijawa kali. Jirani yao Maka aliondoa kokoto nyeupe, kisha mchanga. Mzizi ulikuwa umetoboa kiganja cha kulia cha Bibi. Maka akaukata, na ngumi ya Vika ikafunguka. Vika akaipaka mifupa mafuta ya nazi.

"Dawa nilimpa Vika," Bibi alisema kutoka shimoni. "Wewe Heilala nilikuwa nakutuma kuni tu."

"Mama, umelala muda mrefu. Unachanganya mambo."

"Bibi, na goti langu je?" Maka aliuliza.

"Punguza kula, Maka."

Wote walitazama chini. Heilala ni dada mkubwa wa baba yake Vika, na huku visiwani Tonga shangazi habishiwi na mtoto wa kaka yake, hata kama shahidi ni marehemu. Kaka mtu naye hambishii. Baba yake Vika akachukua koleo, akaanza kurudisha mchanga. Bibi alikuwa bado anaongea.

Ijumaa wagonjwa walipanga foleni kwa Shangazi kama kawaida. Vika alikaa jikoni akitwanga. Nje, mtoto mwenye homa alikuwa analia. Shangazi aliingia, akafunga mlango, akayatazama magome mawili yaliyokuwa mezani.

"Lipi linatangulia?" aliuliza bila kugeuka.

Vika alimsikiliza mtoto kwa muda. Kisha akamwonyesha Shangazi gome la kutangulia.

Shangazi alitoka na bakuli. "Dawa ya mama yangu hii," akamwambia mama wa mtoto, na watu wote kwenye foleni wakamshukuru.