Shamba Namba Arobaini na Moja

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini Lazarus hakuwa mtoto wa kuambiwa. Alikuwa na miaka hamsini na mitano, mtunza stoo wa Baraza la Jiji, na nyumba ya baraza pale Woodley alitakiwa kuiacha mwisho wa Desemba, akistaafu. Ndiyo maana Jumamosi hiyo aliketi mstari wa mbele ukumbini, katikati ya mji, tai imemkaba, akimwomba Mungu kitu kimoja tu: namba arobaini na moja.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa sabini na moja, yeye na wenzake mia mbili walichanga wakanunua shamba la mzungu karibu na Kitale. Kabla halijapimwa, mwanahisa aliruhusiwa kulima popote, kwa muda. Kwa muda! Neno hilo lilisemwa kila mkutano na hakuna aliyelisikia. Lazarus alibaki kazini kungojea kustaafu, akamtanguliza mkewe Rael. Mama yule alifyeka, akang'oa visiki, akasimamisha nyumba ya udongo pale mwinukoni. Barua zake zilikuwa mahindi mwanzo hadi mwisho. Mwaka wa tatu homa ya mapafu ikamchukua.

Kaka yake Rael, Sifuna, mchinjaji wa kule Dagoretti, alitaka dada yake azikwe Bungoma, kwenye boma la wazee wa Lazarus, ilivyo desturi. Lazarus akakataa.

"Tutamzika shambani kwetu," alisema. "Nani atampa mtu mwingine mahali penye kaburi?"

"Shemeji, usimfanye dada yangu kigingi cha mpaka."

Lazarus alikasirika, akakaa miezi bila kumsemesha. Alikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Alimlilia Rael kwa machozi yasiyo ya uongo, lakini alipochagua pa kuchimba, jicho moja lilikuwa likipima mpaka.

Basi wapimaji wakaja na minyororo yao, hawakujua kilio cha mtu. Mwinuko wenye kaburi ukawa namba arobaini na moja, na namba zote zingegawiwa kwa kura. Lazarus alimwendea mwenyekiti wa wanahisa, Bwana Mungai, mara tatu, kofia mkononi.

"Mzee, kila mtu ana chake pale," Mungai alimwambia. "Mwingine ana kisima, mwingine miti. Nikikupa wewe bila kura, hapakaliki."

Na hata kumchukia hakuweza, maana angekuwa yeye mwenyekiti angesema hayo hayo.

Siku ya kura, pale ukumbini, vikaratasi vyenye namba vilikunjwa vikatiwa kwenye debe la samli. Jina la Lazarus lilipoitwa, aliingiza mkono, akashika kimoja, akakiacha, akashika kingine. Watu wakacheka kidogo. Akakunjua. Kumi na saba. Ng'ambo ya kijito, penye mawe. Alirudi kitini akakaa, na hapo akaanza kuomba upya: kwamba arobaini na moja imwangukie mtu wa kusikia.

Ilimwangukia Zadock, karani kijana wa Kangemi ambaye hajawahi kukanyaga shamba lenyewe. Watu walimwelekeza kwa mzee anayepajua. Akaja na ramani, amejaa furaha, maskini, akaitandaza kwenye magoti ya Lazarus.

"Mzee, wanasema wewe unajua hapa. Hii msalaba ni kanisa?"

"Si kanisa. Ni mke wangu."

Zadock akaondoa kidole chake kwenye ramani.

"Pole, mzee. Pole sana."

"Mwanangu, wacha tubadilishane. Mungai amesema tukikubaliana wawili, yeye hana neno."

"Yako ni ngapi?"

"Kumi na saba."

"Iko namna gani?"

Hapo ndipo uongo mdogo ungemfaa mtu. Lakini Lazarus alikuwa ametunza stoo miaka thelathini bila kupoteza hata msumari, na ulimi wake haukujua njia nyingine.

"Ni mawe," alisema. "Mahindi hayawezi. Labda mbuzi."

Zadock aliifuata ramani kwa kidole hadi ng'ambo ya kijito. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

"Mzee, mimi niko na watoto watano," alisema mwishowe. "Hii pesa ni ya mama yangu. Aliuza ng'ombe zote. Nitamwambia nini?"

Lazarus akaanza kuikunja ramani.

"Lakini utakuja kumwona siku yoyote," Zadock aliongeza, akimshika bega. "Mimi sitakukataza."

"Asante," Lazarus akasema. "Asante, mwanangu." Alisikia mwenyewe jinsi alivyoshukuru, akaona haya. Kisha, kwa kuwa kijana alikuwa bado amesimama hajui aondoke au akae, akanyoosha ramani kwa kiganja. "Ukifika kwenye nyumba, pitia mlango wa nyuma. Ule wa mbele mke wangu aliuziba. Alisema upepo wa kule unamwumiza kifua."